Lakrosi ya watoto

Lakrosi ya watoto ni mchezo wa lakrosi unaochezwa na watoto na vijana wenye umri wa miaka 5 hadi 14 hivi, kwa kufuata kanuni zilizorekebishwa kulingana na miili na uwezo wao. Katika lakrosi wachezaji wa timu mbili hushika fimbo zenye wavu mdogo kwenye ncha, ambazo hutumika kuudaka, kuubeba na kuurusha mpira mgumu wa raba. Timu inayoingiza mpira mara nyingi zaidi katika goli la wapinzani ndiyo inayoshinda.

Watoto wengi huchezea mchezo huo katika ligi za burudani, yaani ligi za mtaa au mji zinazopokea kila mtoto aliyejiandikisha bila kumfanyia majaribio ya kipaji. Ligi hizo hutofautiana na klabu za ushindani, ambazo huchagua wachezaji na kusafiri kwenda kwenye mashindano ya mbali.

Makala hii inaeleza hasa kanuni zinazotumika Marekani, ambako ligi nyingi za watoto hufuata vitabu vya kanuni vya USA Lacrosse. Shirika hilo lilianzishwa mwaka 1998 kwa jina la US Lacrosse na kubadilisha jina mwaka 2021. Kuna kitabu kimoja cha wavulana na kingine cha wasichana. Kila ligi inaweza kuongeza masharti yake, mradi isipunguze yale ya usalama.

Asili ya mchezo

Lakrosi ilianzishwa na wenyeji wa Amerika Kaskazini karne nyingi kabla ya Wazungu kufika huko. Watu wa shirikisho la Haudenosaunee, wanaojulikana pia kama Wairoki, huuita mchezo wa Muumba. Kwao haukuwa burudani tu, bali pia ibada ya kuombea wagonjwa, na desturi hiyo inaendelea hadi leo. Kwa mila yao, mtoto wa kiume anaweza kupewa fimbo ndogo ya mbao tangu akiwa mchanga.

Jina la lakrosi limetokana na lugha ya Kifaransa, ambamo neno hilo lina maana ya fimbo iliyopinda. Katika miaka ya 1630 mmisionari Mjesuiti Jean de Brébeuf aliandika habari za mchezo huo aliouona kati ya Wahuroni, katika nchi ambayo leo ni Kanada. Mwaka 1867 daktari wa meno wa Montreal, William George Beers, alitoa kanuni zilizoweka idadi ya wachezaji na kuleta mpira wa raba badala ya ule wa ngozi. Kanuni hizo zilikuwa za watu wazima.

Mchezo wa wasichana una historia yake. Mwaka 1890 ulichezwa katika shule ya wasichana ya St Leonards huko Uskoti, na mwaka 1926 mwalimu Rosabelle Sinclair aliupeleka katika shule ya Bryn Mawr mjini Baltimore, Marekani. Wavulana waliendelea kugongana na wakaongeza kinga za mwili. Wasichana walidumisha mchezo usio na mgongano, unaotegemea mbio na pasi. Kwa sababu hiyo kanuni za wasichana na za wavulana ni tofauti hadi leo, hata kwa watoto wadogo.

Sababu za kuwa na kanuni za pekee

Kanuni za watu wazima zikitumika kwa watoto bila kurekebishwa, huleta matatizo mawili.

Tatizo la kwanza ni la usalama. Mpira wa lakrosi una uzito wa gramu 142 hadi 149 na ni mgumu, na fimbo inaweza kuurusha kwa kasi kubwa. Tena watoto wa umri mmoja hutofautiana sana kimwili, hasa wanapobalehe: mvulana wa miaka 13 anaweza kuwa na mwili wa mtu mzima huku mwenzake bado ana mwili wa mtoto.

Tatizo la pili ni la kujifunza. Katika uwanja mkubwa wenye wachezaji 20, mtoto wa miaka 8 anaweza kumaliza mechi nzima bila kuugusa mpira. Mwenye nguvu huuokota, hukimbia nao hadi golini na kufunga, na wengine humfuata nyuma. Mtoto asiyepata mpira hawezi kujifunza kudaka wala kupiga pasi, na mara nyingi huacha mchezo.

Kwa hiyo kanuni za watoto huanza kwa kuondoa mambo: mgongano wa miili, fimbo ndefu, uwanja mpana, hata golikipa. Mambo hayo hurudishwa hatua kwa hatua kadiri mtoto anavyokua.

Makundi ya umri

USA Lacrosse hugawa watoto katika makundi yanayotajwa kwa umri wa juu kabisa unaoruhusiwa: miaka 6, 8, 10, 12 na 14. Umri huhesabiwa tarehe 31 Agosti iliyotangulia msimu. Kwa hiyo mtoto wa kundi la miaka 12 ni yule ambaye tarehe hiyo hajazidi miaka 12, hata kama atatimiza 13 katikati ya msimu.

Kila kundi linachukua miaka miwili, hivyo pengo kati ya mkubwa na mdogo linaweza kukaribia miezi 24. Ligi zenye watoto wengi hushauriwa kugawa kila kundi kwa mwaka mmojammoja. Zenye watoto wachache huwachanganya, na makocha huombwa kuwapanga uwanjani kwa kuangalia ukubwa na uzoefu wa kila mmoja.

Suala la umri limeleta ubishi. Klabu nyingi za ushindani hupanga wachezaji kwa mwaka ambao watamaliza shule ya sekondari, si kwa tarehe ya kuzaliwa. Katika utaratibu huo mtoto aliyerudia darasa anacheza na walio wadogo kuliko yeye, na baadhi ya wazazi wamewarudisha watoto wao darasa kwa makusudi ili wapate faida hiyo. Wanaotetea tarehe ya kuzaliwa husema kwamba mwili haujali mtoto yuko darasa la ngapi. Ligi za burudani kwa kawaida huomba cheti cha kuzaliwa wakati wa kujiandikisha.

Uwanja na idadi ya wachezaji

Uwanja kamili wa wavulana una urefu wa yadi 110 (takriban mita 100) na upana wa hadi yadi 60 (takriban mita 55). Kila timu ina wachezaji 10: golikipa, mabeki 3, viungo 3 na washambuliaji 3. Katika mchezo kamili wa wasichana, kwa kanuni za Marekani, kila timu ina wachezaji 12. Goli ni mraba wenye futi 6 (sentimita 183) kila upande, nalo huzungukwa na duara ambalo washambuliaji hawaruhusiwi kuingia. Uwanja unaendelea nyuma ya goli, hivyo mpira unaweza kuchezwa huko pia.

Kwa watoto vipimo hivyo hupunguzwa:

- Miaka 8 na chini: wachezaji 4 kwa 4, kwa kawaida bila golikipa, katika uwanja mdogo wenye magoli madogo. Lengo ni kwamba kila mtoto aokote mpira na kuurusha mara nyingi.
- Miaka 10: wachezaji 7 kwa 7, golikipa akiwa mmojawapo. Uwanja kamili hukatwa kwa upana wake, hivyo viwanja viwili au zaidi hupatikana mahali pa kimoja na mechi kadhaa huchezwa kwa wakati mmoja.
- Miaka 12: ligi huweza kuendelea na timu ndogo au kuanza uwanja kamili.
- Miaka 14: kwa kawaida uwanja kamili na idadi kamili.

Kuondoa golikipa katika umri mdogo kuna sababu mbili. Kwanza, watoto wa miaka 6 au 7 huuogopa mpira, na anayewekwa golini mara nyingi hupata maumivu na kuchukia mchezo. Pili, mtoto huyo hupoteza nafasi ya kukimbia na kujifunza mambo ya msingi.

Vifaa

Fimbo

Mvulana wa miaka 10 au chini hutumia fimbo fupi ya inchi 37 hadi 42 (sentimita 94 hadi 107), naye hukatwa mpini ikiwa ni mrefu kuliko mkono wake unavyoweza kumudu. Fimbo ndefu za mabeki, ambazo kwa watu wazima hufika inchi 72 (sentimita 183), haziruhusiwi katika umri huo. Katika makundi ya juu huruhusiwa wachezaji 4 tu wa kila timu kuwa nazo, mbali na golikipa.

Wavu wa fimbo ya mvulana una kina, hivyo mpira hukaa ndani hata akigongwa. Wavu wa fimbo ya msichana ni wa juujuu, na mpira hutoka kwa urahisi. Kwa sababu hiyo wasichana wadogo katika ligi nyingi huruhusiwa kutumia wavu wenye kina kidogo zaidi hadi watakapozoea. Ili mpira usitoke, mchezaji huitikisa fimbo taratibu huku na huku kama mtu anayebembeleza mtoto. Ujuzi huo ndio wa kwanza kufundishwa.

Mpira

Mpira wa kawaida ni wa raba ngumu, wenye mzingo wa karibu sentimita 20. Watoto wadogo kabisa wanaweza kuchezea mpira laini, hasa pale ambapo hawavai kinga zote.

Kinga za mwili

Mvulana anayecheza na mpira mgumu hulazimika kuvaa:

- helmeti yenye kinga ya uso na mkanda wa kidevuni uliofungwa pembe zote nne;
- kinga ya meno;
- glavu;
- pedi za mabega zinazofunika kifua;
- pedi za mikono na viwiko;
- kinga ya sehemu za siri.

Msichana huvaa kinga ya meno na miwani ya kinga iliyotengenezwa kwa vyuma au plastiki imara. Miwani hiyo ilifanywa ya lazima katikati ya miaka ya 2000 baada ya mjadala mrefu kuhusu majeraha ya macho. Kofia laini ya kichwani inaruhusiwa kwa wasichana lakini kwa jumla si ya lazima. Golikipa, awe mvulana au msichana, huvaa helmeti, kinga ya koo na kinga ya kifua.

Kabla ya mechi makocha huthibitisha kwa mwamuzi kwamba wachezaji wao wamevaa vifaa vyote kwa usahihi. Mtoto asiye na kinga ya meno hatakiwi kuingia uwanjani hadi aipate.

Mwendo wa mchezo

Mechi ya watoto hugawanywa katika robo 4 au vipindi 2. Robo moja huwa ya dakika 8 hadi 12 kulingana na umri na ligi. Saa mara nyingi haisimamishwi mpira unapotoka, ili ratiba ya siku isivurugike.

Wavulana huanza kwa wachezaji wawili kuinama katikati ya uwanja, mpira ukiwa chini kati ya fimbo zao, na kuugombea filimbi inapolia. Wasichana husimama, na mpira huwekwa kati ya migongo ya nyavu zao karibu na kiuno, kisha hurushwa juu kwa kuvuta fimbo. Utaratibu huo hurudiwa baada ya kila bao.

Wachezaji hubadilishwa wakati wowote bila mechi kusimama, mradi anayeingia amsubiri anayetoka. Mpira ukitoka nje hupewa timu pinzani ya aliyeugusa mwisho. Ila mpira uliotoka baada ya kurushwa golini hupewa timu ambayo mchezaji wake yuko karibu zaidi na mahali ulipotokea.

Kanuni ya kuotea si kama ya mpira wa miguu. Katika lakrosi kamili ya wavulana kila timu inapaswa kubakiza wachezaji angalau 4 katika nusu yake ya uwanja na 3 katika nusu ya wapinzani. Hivyo wachezaji wote hawawezi kurundikana mbele ya goli moja. Katika mchezo wa timu ndogo idadi hizo hupunguzwa, na kwa watoto wa miaka 8 kanuni hiyo kwa kawaida haitumiki.

Vilevile watoto wadogo hawahesabiwi sekunde za kuvusha mpira kutoka nusu yao, jambo ambalo wakubwa hulazimishwa. Ligi nyingine huongeza sharti la pasi: timu haiwezi kupiga golini kabla ya kujaribu angalau pasi moja. Sharti hilo humzuia mchezaji mmoja mwenye mbio kumaliza kazi yote peke yake.

Kugusana na kupiga fimbo

Wavulana

Hapa ndipo kanuni za watoto zinapotofautiana zaidi na za watu wazima. Katika lakrosi ya wanaume mchezaji anaweza kumgonga kwa mwili mpinzani mwenye mpira. Watoto wa miaka 12 na chini hawaruhusiwi kugongana hivyo. Wanaweza kusimama kwenye njia ya mpinzani, kumsindikiza kwa ubavu, au kumziba asiufikie mpira ulio chini, lakini si kumrukia wala kumsukuma kwa kishindo.

Katika kundi la miaka 14 kugongana kunaruhusiwa kwa kiasi, kwa masharti yafuatayo: agongwe mwenye mpira au aliye karibu na mpira ulio chini, agongwe kwa mbele au ubavuni, kati ya mabega na kiuno, na mgongaji awe ameshika fimbo kwa mikono miwili na miguu yake iwe chini. Kumgonga mtu asiyekuwa tayari, au kumgonga kwa nia ya kumwangusha badala ya kuupata mpira, kumekatazwa katika umri wote wa watoto.

Kupiga fimbo ya mpinzani ili mpira udondoke kunaruhusiwa, lakini kwa utulivu na kwa kulenga fimbo au glavu inayoishika. Katika makundi ya chini pigo la mkono mmoja huhesabiwa kuwa kosa hata kama halikumgusa mtu, kwa sababu mtoto hawezi kuiongoza fimbo vizuri kwa mkono mmoja.

Wasichana

Kwa wasichana kugongana kwa miili ni kosa katika umri wote. Wasichana wa miaka 10 na chini hawaruhusiwi hata kupiga fimbo ya mpinzani. Beki hufundishwa kucheza kwa miguu, yaani kumfuata mshambuliaji na kumlazimisha apite pembeni. Kuanzia miaka 12 wanaweza kupiga fimbo iliyo chini ya bega, na pigo lielekee chini na mbali na mwili wa mwenye mpira.

Kuna mipaka mingine miwili ya muhimu. Fimbo haipaswi kuingia katika eneo la karibu sentimita 18 kuzunguka kichwa cha mchezaji. Tena beki asiyemkaba mtu haruhusiwi kusimama kati ya goli na mshambuliaji anayejiandaa kupiga. Kanuni hiyo huwashangaza watazamaji wapya, kwa sababu katika michezo mingi kuziba goli ndiyo kazi ya beki. Lakini wasichana hawavai helmeti, na anayesimama hapo anaweza kupigwa usoni na mpira, hivyo kosa ni lake ingawa ndiye aliyekuwa hatarini.

Makosa na adhabu

Kwa wavulana makosa ni ya aina mbili. Makosa madogo, kama kuotea au kuingia katika duara la goli, huleta kupoteza mpira au kukaa nje sekunde 30. Makosa makubwa, kama kumpiga mpinzani mwilini kwa fimbo, kumkwaa au kumgonga kwa nyuma, huleta kukaa nje dakika 1 hadi 3, na timu hucheza pungufu. Kosa la kugusa kichwa au shingo huadhibiwa kwa muda usiofutwa hata wapinzani wakifunga bao. Likiwa la makusudi, mchezaji anaweza kutolewa kabisa.

Kwa wasichana aliyetendewa kosa hupewa mpira, na mkosaji husogezwa umbali wa mita 4. Kosa la hatari huleta kadi ya njano, na mchezaji hutoka kwa dakika 2. Kadi nyekundu humtoa kwa mechi nzima.

Kwa watoto wa miaka 8 na chini ligi nyingi hazitumii utaratibu wa kucheza pungufu. Mtoto aliyekosa hutolewa, mwenzake huingia, na kocha humweleza kosa lake akiwa amekaa. Sababu ni kwamba timu ya watu 4 ikibaki na 3 mchezo huvurugika, na mtoto wa umri huo kwa kawaida amekosa kwa kutojua, si kwa hila.

Usawa wa timu na muda wa kucheza

Ligi ya burudani inadaiwa kumpa kila mtoto nafasi. Kwa hiyo timu hupangwa na wasimamizi ili nguvu zilingane, wala makocha hawaruhusiwi kukusanya wachezaji bora upande mmoja. Ligi nyingi hudai kila mtoto acheze muda unaokaribia kulingana na wenzake, au angalau nusu ya mechi, na ajaribu nafasi mbalimbali uwanjani.

Ipo pia kanuni ya kupunguza tofauti ya mabao. Katika mchezo wa wavulana, timu ikizidiwa kwa mabao 4 au zaidi hupewa mpira katikati ya uwanja bila kuugombea, isipokuwa kocha wake akikataa. Timu inayoongoza hivyo hulazimika kuupata mpira kwa kukaba, na timu inayozidiwa hupata nafasi ya kushambulia. Katika makundi ya chini ligi nyingine hazihesabu mabao wala hazina jedwali la msimamo.

Wakosoaji husema kwamba usawa huo huwachosha watoto wenye kipaji, ambao huhamia klabu za ushindani mapema. Watetezi hujibu kwamba katika umri wa miaka 8 au 9 ni vigumu kujua nani atakuwa mchezaji bora, kwa sababu anayeonekana bora mara nyingi ni yule aliyezaliwa mwanzoni mwa kipindi au aliyekua haraka. Zipo pia gharama: fimbo, helmeti na pedi ni ghali, na safari za klabu huongeza mzigo. Ligi kadhaa hukodisha au kuazimisha vifaa ili familia isizuiwe na bei.

Afya na usalama

Moyo

Hatari adimu lakini kubwa ni pigo la kifuani linalosimamisha moyo, ambalo madaktari huliita kwa Kilatini commotio cordis. Mpira ukigonga kifua juu ya moyo katika sehemu ndogo mno ya sekunde kati ya mapigo, mdundo wa moyo huvurugika na damu haisukumwi tena, hata kama moyo ulikuwa mzima kabisa. Watoto na vijana huathirika zaidi kwa sababu kuta za vifua vyao bado ni laini.

Kutokana na vifo vya namna hiyo, kamati ya viwango vya vifaa vya michezo ya Marekani, NOCSAE, iliweka kiwango kiitwacho ND200 cha kinga ya kifua. Kiwango hicho kilianza kuwa lazima kwa magolikipa mwaka 2021 na kwa wachezaji wengine wa kiume mwaka 2022. Hata hivyo kinga haiondoi hatari yote. Mtoto akianguka baada ya kupigwa kifuani huhitaji kubonyezwa kifua mara moja na kushtuliwa moyo kwa mashine ijulikanayo kwa kifupi AED. Kila dakika inayopita hupunguza nafasi ya kupona, hivyo makocha hufundishwa kujua mashine hiyo iko wapi kabla ya mechi kuanza.

Kichwa

Mtoto anayeshukiwa kupata mtikisiko wa ubongo hutolewa uwanjani papo hapo na harudi siku hiyo. Dalili ni pamoja na kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kusahau na kujibu polepole. Jimbo la Washington lilipitisha sheria ya jambo hilo mwaka 2009, na kufikia mwaka 2014 majimbo yote 50 ya Marekani yalikuwa na sheria ya aina hiyo. Kwa kawaida mtoto hurudi mchezoni kwa ruhusa ya maandishi ya mtaalamu wa afya.

Hali ya hewa

Radi ikisikika, wote huondoka uwanjani na kungoja dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Wakati wa joto kali mechi husimamishwa ili watoto wanywe maji, kwa kuwa helmeti na pedi huzuia mwili kupoa.

Waamuzi, makocha na wazazi

Katika ligi za burudani makocha wengi ni wazazi wanaojitolea, na baadhi hawajawahi kucheza lakrosi. USA Lacrosse hutoa mafunzo na vyeti, na hudai kuchunguzwa kwa kumbukumbu za jinai za watu wanaofanya kazi na watoto. Sheria ya shirikisho iliyotiwa saini Februari 2018 inawalazimu watu wazima wanaohusika na mashirika ya michezo kuripoti shuku ya unyanyasaji wa mtoto ndani ya saa 24.

Waamuzi wa mechi za watoto mara nyingi ni vijana wanaoanza kazi hiyo. Wengi huiacha mapema, na sababu inayotajwa mara kwa mara ni kelele na matusi ya watu wazima walioko pembeni. Kwa hiyo ligi huweka watazamaji upande mmoja wa uwanja na makocha upande wa pili, hukataza mtu kusimama nyuma ya magoli, na humpa mwamuzi mamlaka ya kumwondoa mtazamaji au kusimamisha mechi. Kanuni za kumlinda mtoto hutegemea mwamuzi anayepuliza filimbi bila woga, na asipopatikana mwamuzi mechi haichezwi.

Katika nchi nyingine

Nchini Kanada, ambako lakrosi ni mchezo wa taifa wa majira ya joto kwa sheria ya mwaka 1994, watoto wengi huchezea ndani ya viwanja vya magongo ya barafuni baada ya barafu kuondolewa. Kila timu huwa na wachezaji 5 na golikipa, na makundi ya umri huanzia watoto wa chini ya miaka 7. Uingereza ina mchezo wa shuleni unaotumia fimbo za plastiki na mpira laini, bila kugongana, ambao wavulana na wasichana huweza kuuchezea pamoja.

Katika Afrika Mashariki lakrosi ni mchezo mpya. Nchini Uganda ulienezwa hasa na shirika la Fields of Growth, na mwaka 2014 timu ya Uganda ilikuwa ya kwanza kutoka Afrika kushiriki mashindano ya dunia ya wanaume, yaliyofanyika Denver, Marekani. Kenya pia ni mwanachama wa shirikisho la kimataifa, World Lacrosse.

Lakrosi ya wachezaji 6 kwa 6 imekubaliwa katika Michezo ya Olimpiki ya Los Angeles mwaka 2028. Aina hiyo huchezwa katika uwanja mdogo na wachezaji wote wa uwanjani hutumia fimbo fupi. Kwa namna hiyo inafanana na kanuni ambazo watoto wa miaka 10 walikuwa wameshazizoea katika ligi za mitaa.